Uzi Mwekundu wa Tatu

Asubuhi ile mke wangu aliniuliza mkasi uko wapi. Nikamwambia sijui.

Ulikuwa chini ya godoro, upande wangu. Siku ya nne hiyo naulalia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, penye mwanga, sweta lake la kijivu magotini, chai yake imepoa pembeni. Akauchukua mkanda wangu wa kupandia, akaingiza mguu kwenye kitanzi, akaegemeza mgongo ukutani, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nami siku hizi sipandi popote. Napaka mageti ya watu, juu ya ngazi ya vipago vinne. Alivuta hivyo hivyo. Kisha akanirushia.

"Leo unadumu."

Ndivyo alivyosema kila asubuhi, miaka thelathini na tisa. Hakuwahi kusema unadumu bila kutanguliza leo.

Mke wangu alikuwa mshona mikanda. Wapaka rangi wa maghorofa, wasafisha vioo, wote wa mtaani kwetu walioning'inia kwenye kamba walivaa kazi ya mkono wake. Walimwita Mama Mikanda. Kila mwaka mtu alimrudishia mkanda wake aukague. Akiuona mzima, anautia mshono mmoja wa uzi mwekundu. Mwaka wa pili, mshono wa pili. Ukifika wa tatu, anaukata kwa mkasi mbele ya mwenyewe, hata uwe unang'aa.

"Mama, huu bado kabisa!"

"Bado kwako. Kwangu tayari." Kacha.

Kisa kilianzia kwa dada yake. Shemeji yake alianguka kutoka ghorofa ya tano. Mkanda uliomwangusha ulikuwa na kitambaa kimeshonewa pembeni, kimeandikwa WA KUDUMU. Mke wangu, wakati huo msichana, ndiye aliyepewa nguo za marehemu azifue. Mkanda ulikuwa umekatika vipande viwili. Kile kitambaa hakikuwa na mkwaruzo.

Tangu hapo neno lile alilishika kama mtu anavyoshika chungu kilichotoka motoni. Siku ya harusi yetu watu walitushangilia, "Mdumu! Mdumu!" Mkono wake ukawa wa baridi ndani ya wangu. Akaninong'oneza, "Waambie waseme leo."

Kwenye mabaya hakuliogopa. Ukungu wa ukuta wetu ulikuwa wa kudumu. Mikoromo yangu, ya kudumu. Malalamiko ya wifi yake, dada yangu, hayo ya kudumu na nusu. Na kwa kuwa mimi sikuwahi kuajiriwa popote, aliwaambia wageni, "Mume wangu ana kazi nzuri sana. Kibarua cha kudumu."

Kulikuwa na msimamizi mmoja tukimwita Bwana Haraka. Alitaka mikanda mingi.

"Mama, weka basi maandishi. Wa kudumu. Watu wanapenda neno hilo."

"Mimi naweka tarehe, kwa uzi."

"Tarehe haimvutii mtu!"

"Ardhi ndiyo inavuta, baba. Tena wanene kama wewe inawapenda zaidi."

Vijana walicheka mpaka Bwana Haraka naye akacheka. Lakini nilimwona mke wangu. Hakucheka.

Mimi nilimkosea mara moja. Mkanda wangu ulifikia mwaka wa mshono wa tatu, nao ulikuwa umelainika, umekizoea kiuno changu. Nikamwambia umepotea. Akanishonea mpya. Ule wa zamani nikawa nauficha kwenye kopo la rangi, nikifika kazini nauvaa. Siku ya tatu, niko ghorofa ya sita, nikasikia tik. Kama mtu kavunja kijiti. Tik tena. Nikatazama kiunoni, nikaona nyuzi zinachomoka mmoja mmoja, polepole, kama zina akili zao. Sikupiga kelele. Niliogopa hata pumzi yangu isije ikauongezea mkanda uzito. Nilishika ukingo wa dirisha kwa vidole, haja ndogo ikanitoka, hadi wenzangu waliponivuta juu.

Nyumbani nilimwonyesha. Hakunitukana. Alinipa mkasi.

"Kata mwenyewe."

Niliushika nikashindwa. Akaweka mikono yake juu ya yangu, tukakata. Kesho yake ndipo alipoanza kunivutia mkanda asubuhi.

Mwaka jana moyo wake ukaanza kumsumbua. Alianguka bombani, maji yakamwagika. Daktari akampa vidonge, akamwambia, "Hivi ni vya kudumu, mama." Pale alicheka. Njiani alinishika mkono wa shati hadi nyumbani. Tulipofika akatia uzi mwekundu kwenye pindo la mkono wa sweta lake. Nikadhani utani wake.

Akaanguka mara ya pili, jikoni. Akatia wa pili.

Hapo woga ukaniingia ukakaa. Alfajiri nilikuwa nasikiliza pumzi zake kama nilivyosikiliza zile nyuzi. Ikichelewa moja, nami naizuia yangu. Akikohoa, nashukuru.

Ndipo nikauondoa mkasi msumarini pake, nikauficha. Najua mkasi haumkati mtu uhai. Lakini mikanda niliyoiona ikikatwa ni mingi.

Siku zile nne alikata nyuzi kwa meno. Wapaka rangi wawili walileta mikanda iliyofika mwisho. Akaiweka juu ya mashine, ikalala hapo.

Sasa asubuhi ile, nimeshafunga mkanda wangu, nikamwona anatunga uzi mwekundu.

"Huo wa nini?"

"Jana nilidondoka tena. Ulikuwa kazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ule mkanda uliniambia?"

Akashona. Akauma uzi, akalivaa sweta.

Nikasema leo sitoki.

"Toka, mzee. Geti la watu umelipaka nusu, linaonekana kama punda aliyeogeshwa upande mmoja."

Nikatoka. Saa sita jirani alikuja mbio, viatu mkononi. Hata hajafungua mdomo, nilisikia ile tik.

Sweta alizikwa nalo. Ile mikanda miwili niliikata mwenyewe wenye mikanda wakitazama, na mmoja wao alilia. Asubuhi nauvuta mkanda wangu peke yangu, mguu kwenye kitanzi. Nikishavuta nasubiri. Hakuna wa kusema.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nimeshafika uani aliponiita. Nikageuka. Hakuinua uso kutoka kwenye kazi yake. Alisema, "Godoro natandika mimi, mzee. Urudishe mkasi msumarini, kesho kuna watoto wa watu wanapanda."