Malaika wa Mabegani

Juzi nilimkuta binti yangu akiandika kazi ya shule, shajara ya kubuni ya mtoto aliyepotea.

Nami niliwahi kupewa kazi kama hiyo, tulipokuwa tukikaa pwani, Dunda. Mwalimu alilikataa neno langu "niliogopa." Alisema limechoka, nikatafute linalotia watu baridi. Alasiri ile bibi alikuwa akikuna nazi uani, harufu ya ng'onda, samaki wa kukaushwa, imetanda. Nikamuuliza: mtu aliyepotea kwenye mikoko, maji yakijaa, husemaje?

"Husema, roho inanitoka," alijibu bila kuinua macho.

Nikaandika huku nikitamka: "Mimi roho inanitoka." Kalamu ikanisimama mkononi. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kwamba malaika wawili hukaa mabegani mwetu, wakiandika kila tusemalo. Wangejuaje kwamba "mimi" ile si mimi? Walikwisha kuandika. Kila pumzi niliyovuta niliidhania ya mwisho, na mbuzi ya nazi ikaendelea krr, krr, kama vile hakuna anayekufa. Shingo sikuthubutu kuigeuza.

Bibi aliniona nimeacha kuandika, nikamweleza. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniinamia bega la kulia, kisha la kushoto, akinong'ona, "Si huyu. Anamsemea mwenzake."

Sasa najua kwamba nia hutazamwa kabla ya maneno. Hata hivyo, juzi nilijikuta nimemwinamia binti yangu begani, nikinong'ona.

"Mama, unamwambia nani?"

Nilihamia bega la pili.