Ubao wa Sentimita Mia na Hamsini na Tatu

Siku niliyomkuta wifi yangu Masouda amesimama sebuleni kwake Ansab, hapa Maskati, na mabuti ya theluji miguuni, nilidhani kazi imemzidi na akili zimemruka. Nje jua la Januari linawaka vizuri tu, ndani mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mhandisi wa barabara, anakunja magoti na kuyumba huku na huku juu ya karatasi.

"Wifi, usinikanyagie!" akaniambia kabla sijavua viatu. "Pita ukutani."

Nikapita ukutani. Sakafu nzima ilikuwa imetandikwa karatasi zile pana za ramani, na juu yake amechora mbao tatu za kuteleza kwenye theluji, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi, kwa rula na penseli. Ndivyo alivyo Masouda. Mimi nikitaka kabati naliangalia, likinipendeza nalichukua. Yeye akitaka kabati hulichora kwanza, akalipitisha mlangoni kwa karatasi, akalizunguka, ndipo aende dukani.

"Huu wa kwanza ni kama ule wangu wa zamani," akaanza, bila hata kuniuliza habari za nyumbani. "Pua na mkia sawasawa. Wa kuchezea na kurukia. Laini, unapinda. Mzuri kwenye njia walizokwisha kuzisawazisha kwa mashine. Huu wa pili mpana, wa theluji nyingi iliyo laini kama unga. Ukikutana na barafu hauna msaada. Na huu hapa..."

Akapiga magoti kwenye karatasi ya tatu, uso umemng'aa kama bibi harusi aliyefunguliwa sanduku.

"Huu ndio, wifi! Tazama pua ilivyo ndefu, imeinuka, ili usizame. Mkia mfupi na mwembamba, wenyewe unazama kidogo, pua inabaki juu. Miguu inafungwa nyuma kidogo ya katikati. Chini una mgongo, katikati umeinuka kidogo, ukiukanyaga ukingo wa chuma unashika hata kwenye barafu. Na mgumu! Ukienda kasi hautetemeki. Sentimita mia na hamsini na tatu, kiuno, hapa katikati, ishirini na nne na nusu. Nikisimama kiubavu, vidole vinafika ukingo huu, visigino ukingo ule. Naegemea tu, unageuka."

Mimi theluji ninaijua ya kwenye friza, nayo naigombeza kila mwezi. Lakini furaha ya Masouda huambukiza. Kabla chai haijachemka nilikuwa nimevaa yale mabuti mimi, nimesimama juu ya karatasi, nakunja magoti, naye ananipigia kelele, "Mbele! Egemea mbele, usiogope!" Na wallahi niliogopa, hapo hapo kwenye marumaru.

Mchezo huu Masouda aliuanzia Glasgow, alipokuwa anasoma. Wenzake walimpeleka mlimani siku moja, akaanguka kutwa nzima, akarudi na kifundo cha mkono kimevimba, akatupigia simu kutuambia amefurahi hajapata kufurahi hivyo. Aliporudi Maskati tulidhani yamekwisha. Akawa anaendesha gari mpaka Dubai, kwenye ule ukumbi wa theluji, mpaka ukumbi ukawa mdogo kwake. Kisha akaanza kwenda nchi ya Georgia kila Februari, yeye na wenzake wawili wa kazini.

Huko Georgia kuna upande wa pili wa mlima ambao hakuna mashine iliyoupita. Mteremko mmoja mrefu, mweupe, wenye mawe pembeni. Miaka sita Masouda amekuwa akipandishwa kwa kiti cha waya, anautazama, anashuka kwa njia ya watu wote. Kiongozi wa kule, Mgeorgia mwenye maneno machache, huchukua watu wanne tu kwa mwaka. Februari iliyopita alimtazama Masouda siku tatu akiteremka, siku ya nne akamwambia, "Wewe uko tayari. Ubao wako hauko tayari. Njoo na ubao wa mteremko ule, nitakupeleka. Ukija na huo huo, utabaki hapa." Akamwekea nafasi, tarehe tisa Februari.

Sasa Maskati utapata hema, utapata boti, utapata kila kitu cha kwenda nacho jangwani. Ubao wa kazi ile hupati. Ila Nawar, binti wa ami yao Masouda na mume wangu, ni daktari wa macho Munich, na alikuwa anakuja kwenye harusi ya jamaa mwisho wa Januari. Masouda akampa jina la ubao na vipimo. Nawar akaenda dukani akaukuta, umebaki mmoja wa saizi ile. Masouda alinipigia simu hiyo siku, sikusikia neno, nilisikia kelele tu.

Kosa langu mimi ni mdomo. Jioni ile, tunakunywa chai kwetu, mtaa wa Hail, nikamsimulia mume wangu Khalil habari yote, pua, mkia na mgongo.

"Mita moja na nusu?" Khalil akaniuliza. "Mtu mzima?"

"Amepima mwenyewe."

"Kapima kwenye karatasi!" akasema, akatikisa kichwa.

Inafaa mumjue Khalil. Ndiye kaka mkubwa. Baba yao alipofariki, Khalil alikuwa na miaka kumi na tisa na Masouda sita, na tangu siku hiyo Khalil ndiye baba. Nguo za Idi alimchagulia yeye, na alizichukua kubwa, ili azikulie. Skuli alimchagulia yeye, uhandisi alimchagulia yeye, kiwanja cha Ansab na gari analoendesha, vyote yeye. Na ubaya wake ni kwamba alichagua vizuri. Angekuwa anakosea, Masouda angeshajifunza kumwambia hapana zamani. Kwa Khalil zawadi ndogo ni aibu ya mtoaji, na katika nyumba yetu zawadi ya Khalil hairudishwi. Hata taa ile mbaya ya sebuleni bado inaning'inia.

Asubuhi ya pili, mimi sina habari, akampigia Nawar. Akamwambia wamebadilisha, achukue ule mkubwa kabisa, ulio imara kabisa, ni zawadi yake kwa dada yake, na asiseme kitu. Nawar akaamini wameshauriana. Nani angemdhania Khalil uongo?

Ijumaa baada ya sala watu wote walikuwa kwetu kwa chakula. Nawar akaingia na mfuko mrefu begani, mrefu mpaka ukagonga juu ya mlango. Masouda aliruka kutoka kwenye zulia, kisha nikamwona anasita.

"Nawar, mbona mrefu hivyo?"

"Si mmebadilisha?" Nawar akasema. "Kaka Khalil alinipigia."

Watu wote tukamgeukia Khalil. Amekaa anachekelea, mikono juu ya tumbo.

"Mia na sitini na saba!" akasema. "Hakuna mkubwa zaidi duka zima. Zawadi ya dada yangu haiwi ya kujificha. Ufungue, ufungue!"

Ukafunguliwa. Mweusi, mzito, mpana, mzuri kweli kweli. Kila mtu mashaallah, mashaallah. Masouda akaenda akambusu kaka yake kichwani, akamwambia ahsante kwa sauti ndogo, kisha akabeba sinia ambalo bado lina chakula, akaingia nalo jikoni. Nikamfuata.

Nilimkuta ameegemea sinki, machozi yanamlenga.

"Wifi, ule n'takwenda nao wapi? Ni wa mwanamme wa kilo tisini. Mimi n'na hamsini na nane. Sitaweza kuugeuza. Kule nikichelewa kugeuka kuna mawe."

"Basi mwambie."

"Nimwambieje? Nshapata kumwambia hapana mimi?"

"Usipomwambia, hutakwenda?"

"N'takwenda," akasema, na hapo ndipo aliponitia khofu. "Miaka sita nnautazama mteremko ule. N'takwenda nao huo huo."

Hasira zikanipanda, sina pa kuzificha. Nilimkasirikia Khalil, nikamkasirikia yeye, nikaukasirikia na mdomo wangu.

"Ati utakwenda! Utavunjika mguu kwa adabu? Kaka yako anakupenda, lakini mlimani hatakuwepo. Utakuwepo wewe na ubao. Toka hapa ukaseme!"

Akanitazama. Akanawa uso, akajifuta kwa mtandio wake, akatoka. Nikamfuata nyuma.

Masouda akaulaza ubao katikati ya zulia, akavua soksi, akapanda mbele ya watu wote. Miguu yake ilikuwa kama ya mtoto aliyevaa viatu vya babake. Mbele ya vidole ulibaki ubao, nyuma ya visigino ukabaki ubao.

"Kaka, hebu tazama," akasema. "Huu ukingo ndio usukani wangu. Miguu yangu haiufikii."

"Utauzoea," Khalil akajibu. "Kila kitu mwanzo wake hivyo hivyo."

"Hapana, kaka."

Nawar akainamisha macho kwenye kikombe. Hata mimi niliyemtuma nilitaka kurudi jikoni.

"Hapana," Masouda akarudia, akashuka kwenye zulia. "Huu si wangu. Mzuri, lakini si wangu. Nikiteremka nao kule n'taumia. Shuka hapo kwenye kochi, kaka. Panda wewe."

"Mimi?"

"Panda."

Khalil akanitazama, kana kwamba mimi ndiye mwenye ruhusa. Nikamwambia, "Yallah, panda!" Akainuka, akashika kanzu yake juu kidogo, akapanda. Mume wangu huvaa viatu namba arobaini na sita na duka zima humcheka. Vidole vyake vikavuka ukingo kwa kiasi kidogo tu, visigino vivyo hivyo, kama umekatiwa kwake na fundi. Na ule mgongo wa chini, ambao Masouda hakuweza hata kuukandamiza, ukalala wote chini ya uzito wake.

"Mashaallah!" Masouda akapiga makofi, khofu yote imemtoka. "Umeona? Umeona ulivyokushika! Kunja magoti, kaka! Usitazame chini, tazama unakokwenda! Sasa egemea mbele!"

Khalil akakunja magoti. Mkurugenzi wa wizara, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, amekunja magoti na kanzu mkononi. Akaegemea mbele, ukingo wa vidole ukauma zulia langu, wa visigino ukainuka. Akapiga ukelele, watu tukapasuka kwa kicheko, naye akacheka kuliko sisi.

"Unageuka!" akasema. "Wallahi unageuka!"

Akajaribu tena, na tena. Kisha akaacha. Akatazama miguu yake juu ya ubao, akatazama miguu ya Masouda juu ya zulia, midogo, na kucheka kukamwisha taratibu.

"Kumbe nimejichagulia mwenyewe," akasema.

Akashuka, akakaa chini palepale kwenye zulia, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, akamtazama dada yake kutoka chini.

"Wako upi, Masouda? Nambie wewe."

Nimeolewa na Khalil miaka ishirini na tisa. Nimemsikia akimwuliza Masouda kama amekula, kama gari limetiwa mafuta, kama amefika salama. Swali hili sikuwahi kulisikia. Nadhani na Masouda hakuwahi, maana aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba ameulizwa mtu mwingine.

Nawar alikuwa ameshapiga simu Munich, kule bado ni kabla ya adhuhuri na duka liko wazi. Akaweka sauti ili tusikie wote. Mtu akajibu, akaambiwa, akaondoka kwenda kutazama. Tukasubiri. Sijui kama nimewahi kuombea kitu kilicho kwenye rafu ya watu. Masouda alikuwa amenishika mkono, anaubana mpaka bangili zikaniuma.

Yule mtu akarudi, akasema. Nawar akainua kidole gumba.

"Upo! Anauliza nani atakuja kuuchukua, maana mimi narudi baada ya wiki mbili, na Masouda safari yake wiki ijayo."

"Nnakwenda mimi," Khalil akasema. "Kesho. Viza ya safari za wizara bado n'nayo."

"Wewe? Munich? Kuna baridi!" nikamwambia.

"Si kuna theluji? Nikaione." Akanyoosha mkono akaomba simu, Nawar akamshikia karibu na mdomo ili amfasirie. Khalil akakohoa kidogo, kama anavyokohoa akitaka kuanza mkutano.

"Mwambie mwenye duka," akasema, "mwenye kuchagua ni dada yangu. Mimi nnakuja kubeba tu. Sasa amsikilize yeye."

Akamsogezea Masouda simu. Wifi yangu akapangusa macho kwa kiganja, akaanza kutaja urefu, kiuno, pua, mkia, ugumu, kila kimoja kwa zamu yake, sauti inapanda kwa furaha mpaka anasema kama anaimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkatiza.