Magari Mawili Mekundu

Jumapili ile ibada iliisha mchana, na Anne Nabintu alikuwa na njaa. Kanisa lao hukodi ghorofa ya juu ya ghala moja katika eneo la viwanda, mbele kidogo ya Walthamstow, London. Chini kuna mafundi wa milango ya alumini, juu wanaabudu Wakongo wa Bukavu na Uvira. Barabara ya nje ni pana na imenyooka. Siku za kazi hujaa malori, Jumapili huwa tupu, ndiyo maana vijana wenye magari ya mbio huipenda.

Philippe, mumewe, alitangulia kuvuka. Alivaa shati la njano la kwaya na alikuwa ameikumbatia sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, iliyobaki. Walioana Bukavu, wakakimbia vita pamoja, wakangojea hifadhi pamoja London mpaka wakakata tamaa, kisha wakaipata. Hawakujaliwa mtoto. Philippe aliwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na Anne alisafisha wodi hospitalini.

"Anne, kaza mwendo," Philippe alisema bila kugeuka. "Mvua inakuja."

Hapo ikasikika milio, ya kufuatana, mikavu. Anne akachuchumaa ukingoni mwa njia na kufunika kichwa kwa mikono. Hakuamua kufanya hivyo. Mwili wake ulijifunza Bukavu, na haukuwahi kusahau. Alipofumbua macho aliona magari mawili mekundu yakitokomea kwenye mzunguko wa barabara, yote mawili yana mistari myeusi mgongoni. Philippe alikuwa amelala upande wa pili, mbali na pale alipomwona mwisho. Alimkimbilia, akamwita, akamfuta sombe usoni kwa kitambaa chake cha kichwani. Watu wa kanisa walipoteremka ngazi alikuwa bado anamfuta.

Matanga yalikuwa nyumbani kwao, katika vyumba viwili vya kupanga. Aliyebeba viti kutoka kanisani alikuwa Cédric, mtoto wa Sesilia. Sesilia na Anne waliimba sauti moja kwenye kwaya, na walikuwa wamezoeana kama ndugu. Cédric alipokuwa mdogo Philippe ndiye aliyemfundisha gitaa, na mama yake alipokuwa na zamu ndefu mtoto alilala kwa Anne. Sasa alikuwa kijana mtu mzima, dereva wa kupeleka vifurushi. Alipanga viti, akagawa chai, akapiga magoti mbele ya Anne.

"Pole sana, Maman," alisema. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Asante, mwanangu. Papa yako ametuacha."

Baada ya mazishi polisi walikwenda kumchukua Cédric nyumbani kwa mama yake. Siku hiyohiyo walimkamata kijana mwingine, Mkenya aitwaye Tevin, ambaye Anne hakumjua. Magari yale yalikuwa yao.

Ilipita muda mrefu kabla ya kesi kusikilizwa. Siku ya ushahidi Anne alisimama kizimbani akiwa na mkalimani, mama mmoja Mmeru aitwaye Makena. Kiswahili cha Makena kilikuwa cha Kenya, cha Anne cha Bukavu, lakini walielewana. Wakili wa mashtaka alitaka kujua ni sauti gani aliyoisikia kabla Philippe hajagongwa. Kila gari lilikuwa na ekzosi yake, lile bomba la kutolea moshi. Ya Tevin ilitoka na gari kiwandani. Ya Cédric ilifungwa na fundi wa mtaani. Zote mbili zilitengenezwa ili dereva akiachia pedali ya mafuta zitoe mlio kama fataki. Polisi walikuwa wamezirekodi.

"Tutakusikilizisha ya kwanza," Makena alimwambia polepole. "Halafu ya pili. Useme tu unachokumbuka, mama."

Mlio wa kwanza ulipotoka kwenye spika, Anne aliinama na kufunika kichwa. Walimpa maji. Wakangoja. Mlio wa pili ulipotoka aliinama tena vilevile, mpaka paji la uso likagonga mbao za kizimba.

Wakili wa utetezi alimuuliza kwa upole kama angeweza kutofautisha.

"Hapana," alisema Anne. "Zote ni risasi."

Alipomaliza kutoa ushahidi aliruhusiwa kukaa na kusikiliza, Makena akimnong'oneza sikioni. Sesilia alikaa upande mwingine wa ukumbi, amejifunika mtandio. Hawakutazamana.

Ndipo Anne alipojua sababu ya mashindano yale. Vijana wale walikutana mtandaoni, kwenye kundi la wapenzi wa aina hiyo ya gari. Tevin alinunua lake likiwa na kila kitu kutoka kiwandani: springi na shokapu za mbio, ekzosi, na mistari myeusi iliyopakwa rangi chini ya vanishi. Cédric alinunua la kawaida, la mtumba, akaliongezea mwenyewe springi fupi, ekzosi na mistari ya stika. Kwa miezi walibishana. Tevin aliandika kwamba gari la kubandikwabandikwa ni mwigo tu. Cédric akajibu kwamba hata kiwandani ni bolti na nati, na kwamba lake linakaa chini zaidi na kukata kona vizuri zaidi. Mwishowe wakakubaliana wakutane Jumapili, barabarani, maneno yaishe. Barabara ilichaguliwa na Cédric, kwa kuwa aliijua.

"Wanazungumza kuhusu springi?" Anne aliuliza.

"Ndiyo, mama," Makena alijibu. "Springi na mistari."

Kisha akaja mtaalamu wa magari. Alionyesha picha za magari yote mawili yakiwa yamesimama sambamba. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba bampa lililo chini zaidi ndilo lililovunja miguu ya Philippe mahali ilipovunjika, naye mtaalamu alianza kwa kusema hivyo. Lakini gari likishika breki pua yake huinama, akaendelea, na la Tevin na la Cédric hayainami sawasawa, kwa hiyo kipimo cha majeraha kingeweza kufaa lolote kati ya hayo mawili. Bampa la Tevin lilikuwa na ufa. Yeye alisema ni wa zamani, wa kugonga ukingo wa maegesho. La Cédric lilikuwa limebadilishwa. Yeye alisema lilichakaa. Kipande cha stika nyeusi kiliokotwa karibu na mwili. Hata hivyo stika za Cédric zilikuwa zikibanduka tangu zamani, na ile ilikuwa barabara yake ya kila wiki.

Makena alitafsiri yote hayo kwa sauti ileile. Ilipofika habari ya miguu Anne alimshika mkono.

"Hiyo usiniambie."

Makena akanyamaza mpaka mtaalamu alipoendelea na mengine.

Cédric alipopewa nafasi alisema hakushindana na mtu. Alikuwa akipita tu, hakuona chochote. Alisema hayo huku akitazama mikono yake. Tevin naye alisema hivyohivyo.

Baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani wote wawili kwa kusababisha kifo. Watu wa kanisa waliokuja walimkumbatia Anne, wengine wakatoka bila kumsalimu, kwa sababu walikuwa wa upande wa Sesilia. Anne alimfuata wakili wa mashtaka kwenye korido.

"Muulize ni nani aliyemgonga," alimwambia Makena.

Wakili alisikiliza, akajibu, Makena akageuka. "Anasema sheria haihitaji kujua. Walishindana pamoja, basi wamemuua pamoja."

"Mwambie mimi nahitaji."

Makena alisema. Wakili alitikisa kichwa, akamwambia pole kwa Kiingereza, na hilo Anne alilielewa bila mkalimani.

Sesilia alikuja nyumbani kwa Anne majira ya baridi, Jumamosi asubuhi. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye ncha ya kiti bila kuvua koti.

"Nimetoka kumwona gerezani," alisema. "Amenituma."

Anne alikaa mbele yake.

"Anasema yeye alikuwa mbele. Aliona kwenye kioo. Aliona gari la nyuma likimrusha mtu."

"Alijua ni nani?"

"Alimjua kwa shati."

"Na hakusimama."

"Hakusimama, Maman Anne. Alilia njia yote, anasema, lakini hakusimama."

Anne aliinuka, akaenda dirishani. Chini, mtu alikuwa akivuta kirukwama cha mboga kuelekea sokoni. Alikumbuka ile mikono baridi siku ya matanga. Kwa muda mrefu alitamani kuambiwa kwamba hakuwa Cédric. Sasa alikuwa ameambiwa, na hakupata alichokitamani. Kama mtoto yule angesimama, angewaita watu wa kanisa, angemshika Philippe kichwa, huenda Philippe angekufa vilevile. Lakini asingekufa akitazamwa kwenye kioo na kijana ambaye yeye mwenyewe alimlea.

"Na kama anadanganya?" aliuliza.

"Sijui," alisema Sesilia. "Mimi ni mama yake. Nitajuaje?"

Kisha Sesilia akauliza kama anaweza kumpelekea mtoto neno lolote. Anne alifikiri.

"Mwambie nimesikia."

"Basi?"

"Basi. Na wewe, Sesilia, usirudi hapa. Sina hasira nawe. Ila siwezi kukuona."

Sesilia aliinamisha kichwa, akafunga vifungo vya koti vilivyokuwa vimefungwa tayari, akatoka.

Anne hakurudi kwenye kwaya. Siku hizi anasali na Wakenya katika ukumbi wa shule karibu na kituo cha treni. Hajui nyimbo zao, hukaa nyuma na kushika kitabu. Makena humwekea nafasi. Mtu akimuuliza ni nani aliyemuua mumewe, hujibu kama mahakama ilivyosema, wote wawili, kisha hubadilisha mazungumzo.