Sanduku la Mayai la Mama

Harufu ya gugumaji linalokauka juani inafanana na ya nyasi zilizolowa zikasahaulika. Mwaka ule ziwa lilipofunikwa kijani hadi mitumbwi ikakwama, harufu hiyo ilijaa nyumbani kwetu Nyakach. Wavuvi walililaani gugu hilo. Mama, aliyeuza mayai Kisumu, alibonyeza bua lake kavu kwa kidole, likabonyea, kisha likarudi. Hadi siku hiyo alikuwa akifunga mayai kwa majani makavu ndani ya debe, na barabara ya Katito ilimvunjia mengi kila safari. Sasa akasuka mabua kuwa viota, kila yai na kiota chake, akavipanga ndani ya sanduku la mbao. Sanduku la kwanza lilishika joto, mayai yakaharibika. La pili akaliachia nafasi pande zote ili upepo upite. Majirani walimcheka: "Mama Akinyi anashonea mayai godoro!" Lakini mayai yalifika mazima, na wenye vibanda Kisumu wakaanza kumngojea.

Mdogo wangu alizaliwa msimu huohuo, kabla ya wakati wake, mdogo hivi kwamba alienea katika viganja vya nyanya yetu. Dispensari ilikuwa Katito, njia ni mashimo matupu, na Baba alikuwa na baiskeli tu. Mama hakuweza kuinuka. "Mwekeni kwenye sanduku langu," alisema kutoka kitandani. "Humo hakijavunjika kitu." Nyanya aling'oa viota vya katikati, akamviringisha mtoto kwa leso, akamlaza. Nilishikilia sanduku Baba akilifunga kwenye keria ya baiskeli. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani, na kupitia zile nafasi za pembeni niliona ncha ya leso ikitikisika. Nilifikiri ni mtoto anachezesha mguu, nikafurahi. Baba alirudi jioni akiisukuma baiskeli polepole, kama bado amebeba kitu. "Muuguzi anasema hana hata alama," alimwambia Mama. "Hakutikisika hata kidogo. Alifika amepoa tu."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mama alirudi kwenye kazi yake, ila sanduku lililofuata aliliziba kila upenyo kwa vitambaa, na lililofuata akaliziba zaidi. Nyumba ikaanza kunuka. Mteja mmoja wa Kisumu akaja mwenyewe hadi mlangoni: "Mama, mbona unaniletea mayai viza?" Mama akachukua kitambaa kingine. Siku moja nyanya aliushika mkono wa Mama ukiwa na sindano. "Mwanangu, mayai hayasikii baridi." Mama hakuinua macho. "Umeyauliza?"

Siku hizi nimemaliza chuo, ninaishi Nyamasaria, na kila kitu kinachovunjika huja kimefungwa vizuri kuliko tulivyojua. Vyombo vya kioo huja ndani ya plastiki yenye mapovu ya hewa, na wenzangu huyapasua kwa vidole wakicheka. Mimi huipapasa pembeni kwanza, nikitafuta pa kuingilia upepo, nikijua hakuna anayeweza kudhurika humo. Juzi nilimpelekea Mama mayai katika trei ya karatasi ngumu, ile ya dukani. Aliigeuza, akamsifu aliyeibuni, akachungulia matundu yake. Kisha akaivua leso mabegani mwake, akayafunika mayai, akachomeka ncha zake chini ya trei, moja baada ya nyingine. Nje kulikuwa na jua kali. Nilimsaidia na ncha ya mwisho.