Msako

"Mnyama yuko wapi?" nilimwuliza mama. Baba alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye nyasi, buti la askari mgongoni, na mbwa walikuwa wakimnusa shingo.

Mchana huo, kule Kitisuru ambako baba alitunza bustani ya mzungu, nyapara wetu Jeremia alikuja mlangoni akasema, "Mama Wambui, leo kuna msako. Mtoto asitoke."

Mimi nilifurahi. Kusaka nilikujua kwa hadithi za baba: utotoni alisaka sungura na mbwa wa babu, na jioni nyumba nzima ikanukia nyama. Basi mbwa walipobweka nilitoka mbio, nikapita kwenye harufu ya nyasi ambazo baba alikuwa amezikata asubuhi. Jeremia alinyoosha kidole kwenye banda la kuku.

"Yumo humo, afande."

"Jeremia!" mama akalia. "Si jana tu ulikula ugali kwangu?"

"Nyamaza, mama. Mimi natumwa tu."

Na kuhamia chumba chetu wiki iliyofuata, alitumwa na nani? Kosa la baba sijaambiwa hadi leo.

Juzi redio ilitangaza msako, nikaizima. Sasa najua kwamba kutafuta mtu na kuwinda mnyama ni neno moja. Lakini sungura wa baba, hata wakiwa wamekufa, walifika nyumbani. Jeremia, ungali hai. Kila Jumapili nakuona kanisani, kiti cha mbele. Baba yangu mlimpeleka wapi?