Aliyeitika Mikokoni

Asubuhi ile nilikuwa nakuna nazi uani, nikamwita mume wangu Shee aniangulie kifumbu cha kuchujia tui kilichotundikwa juu. Akaitika kutoka chooni. Nikamgombeza: chooni hakusemwi, bwana we, utafukuza malaika! Akatoka anacheka, akasema mkata boriti hana mahali asipoitika.

Ndilo lilikuwa sharti la wakata mikoko wa pwani yote. Msituni kila mtu hukata peke yake, matope magotini, na maji yakijaa hayamngoji mtu. Anayekwama hupiga ukelele mrefu, "Hooo-e!", na kila anayeusikia lazima aitike, kisha aende kumtoa, hata kama ni hasimu yake. Asiyeitika hapandi tena chombo kimoja na wenziwe.

Tulikaa mtaa wa Langoni, kisiwani Amu, katika nyumba ya makuti, na vita kwetu vilikuwa ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani. Wanaume barazani walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hawakuuliza nani atakuwa panzi.

Kisha akaja afisa mmoja na mkalimani wake, anatafuta watu wanaoweza kupita mikokoni bila kishindo. Kusini, katika vijito vya Rufiji, meli ya vita ya Wajerumani ilikuwa imejificha, na Waingereza hawakujua pa kuingilia. Walichukuliwa Shee na mwenzake wa kazi, Kombo wa kijiji cha Mkokoni. Hawakubebeshwa mizigo kama wengine. Walitiwa katika kikosi kidogo cha kuvizia: kutambaa hadi nyuma ya adui, kutazama mizinga ilipofichwa, kukata nyaya za simu, na kurudi kabla hawajaonekana.

"Naenda kuwaonyesha ndia tu, Esha," aliniambia. "Ramadhani itanikuta hapa."

Ramadhani ikaja, ikapita, na nyingine zikafuata.

Vita vilipokwisha, waliobaki hai walirudi wamekonda hata mama zao wakawatazama mara mbili. Shee hakurudi. Serikalini niliambiwa hajulikani alipo. Mitaani waliniambia wanamjua alipo: ametoroka jeshi, ameoa Unguja, ana watoto. Maneno hayo yaliniuma kuliko njaa ya miaka ile, kwa sababu usiku mwingine niliyaombea yawe kweli.

Nikaenda kwa kadhi. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mwanangu, siwezi kumzika mtu kwa uvumi. Niletea mashahidi wawili wanaoyua mauti yake."

Bila mashahidi sikuwa mke wala mjane. Nisingeweza kukaa eda, wala kumsomea hitima, wala kuolewa. Majirani wakaniambia subira huvuta heri. Yangu ilivuta mbu.

Basi nikaanza kuuliza. Kila niliyemuuliza alinipeleka kwa Kombo, maana yeye alirudi. Na kila nilipompelekea salamu, Kombo alikuwa mgonjwa au yuko safarini. Mwishowe nikavaa buibui langu, nikamchukua kaka yangu, tukavuka hadi Mkokoni. Yule bingwa wa shoka nilimkuta ameketi uani na wanawake, anasuka makuti. Alikuwa hajaingia mikokoni tangu arudi.

"Bi Esha, rudi kwako," alisema bila kuniangalia.

"Sirudi. Shee yu hai au amekufa?"

Alisuka kuti mpaka likaisha. Ndipo akanieleza.

Ilikuwa alfajiri. Wao wawili walikuwa wamelala katika mizizi, kambi ya adui iko ng'ambo ya kijito. Maji yalikuwa yanajaa.

Wakasikia ukelele. "Hooo-e!"

Kombo alimshika Shee mkono. Alidhani ni hila.

Shee akaitika.

Alikwisha kuitika kabla hajafikiri, kama alivyoniitikia mimi chooni. Kisha akainuka, akaenda. Katikati ya kijito palikuwa na mtu amezama matopeni hadi kiunoni, mwongozaji wa upande wa pili. Shee alipomfikia, bunduki zikalia kutoka kambini. Kombo alimwona anaanguka juu ya yule mtu.

Akakimbia.

"Nikiwa mbali," Kombo akasema, "niliusikia ukelele mara ya pili. Na mara ya tatu. Mai yalikuwa mengi, sauti haitambulikani. Siyui kama alikuwa Shee."

"Na wewe ukaitika?"

Akavuta kuti jingine, akaanza kulisuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaondoka bila kunywa maji yake.

Tangu siku ile usingizi wangu uliharibika. Kifo ningeweza kukibeba. Lakini kama aliyeita alikuwa Shee, basi mume wangu aliitika mwito wa adui, na alipoita yeye, rafiki yake alinyamaza. Hilo sikuweza kulibeba.

Manahodha wa Amu walipoanza tena kwenda Rufiji kuchukua boriti, niliwasihi waulize vijijini: nani aliwahi kutolewa matopeni na mgeni wakati wa vita? Walikwenda, wakarudi na boriti tu. Walikwenda tena, wakarudi na mtu. Jina lake Hasani. Mguu mmoja haukukunjika.

Kombo akaitwa na kadhi. Mimi nilikaa nyuma ya pazia. Kombo alishuhudia alivyomwona Shee anapigwa na kuanguka. Kisha Hasani akaapa, akaulizwa kama aliyaona mauti kwa macho yake.

"Alinifia mikononi, Bwana Kadhi. Risasi ilimwingia shingoni, nyingine mguuni mwangu. Alianza shahada, ikamshinda katikati, nikammalizia mimi. Nilimshikilia mpaka maji yakanifika kifuani. Mkono ukalegea, akachukuliwa. Ndipo nikaita."

"Aliyeita mara ya pili ni wewe?"

"Ni mimi. Na mara ya tatu. Hakuitika mtu. Maji yakazidi, yakanikwamua yenyewe."

Nililia mpaka kadhi akasimamisha baraza. Nililia kwa kuwa Shee amekufa, na kwa kuwa hakuachwa akiita peke yake. Upande wa pili wa pazia nilimsikia Kombo naye analia. Sikumhurumia siku ile. Baadaye nilimhurumia, kidogo.

Jioni ile nikaingia eda. Hitima ikasomwa bila kaburi. Hasani alikula pamoja na ndugu za Shee, na hapana aliyemtupia neno baya. Yeye naye alikuwa amechukuliwa kwao kuwaonyesha wengine njia. Vita vile sikupata kujua vilikuwa vya nini. Najua tu kwamba ndani yake mume wangu alifanya jambo moja lililokuwa lake, si la afisa wala la mfalme, na hilo ndilo lililomuua.

Asubuhi ya kuondoka Hasani alipita kichochoroni kwetu. Mjane aliye edani haonekani na wanaume wala hapazi sauti, kwa hiyo hakubisha hodi. Alisimama nyuma ya ukuta wa makuti, akaita taratibu, "Hooo-e."

Wanawake waliokuwa nami wakaniwekea vidole midomoni.

Nikaitika.