Mume Wangu Anataka Nikae Stoo Nichomeke Waya

Admin, jina langu libaki kwako, maana mume wangu anausoma ukurasa huu kuliko anavyosoma maagizo ya kifaa chochote. Nina miaka thelathini na miwili, watoto wawili, naishi Njiru. Mimi ni fundi wa mitandao, nimesomea. Mume wangu, nitamwita Baba Watoto, hajasomea. Yeye ana fulana iliyoandikwa "Injinia" mgongoni.

Tunasambaza intaneti kwenye ploti sita za nyumba za kupanga. Mitambo niliipanga mimi: ruta mbili ndani ya kabati moja, zote zikishika anwani moja ya mtandao. Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inaisikiliza tu. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inachukua nafasi yake kwa sekunde chache na mteja hajui kumetokea nini. Kila moja nikaipa waya wake wa stima na betri yake. Wateja walipouliza, Baba Watoto akajibu, "Hiyo ni design yangu." Nikamwachia sifa. Ni mume.

Mwezi jana alifungua kabati, akaona ile ya pili imetulia. Bwana Injinia akaamua inakula stima bure. Akaing'oa bila kuniambia, akampelekea mama yake anayeishi ploti ya nne ili mahubiri yasikwame kwenye simu. Siku tatu baadaye stima zilipotea, zikarudi kwa kishindo saa nne asubuhi, na ruta ya kwanza ikaungua. Ploti sita kimya. Jirani yangu anayefundisha kwa kompyuta alikatika katikati ya somo. Nilipofungua kabati, mahali pa ile ya pili palikuwa na vumbi tu.

Nikampigia. "Ya pili iko wapi?"

"Ile spea? Si ilikuwa imekaa tu, haifanyi job! Nilipea mathe."

Kabla sijamjibu akakata, na dakika hiyo hiyo akaandika kwenye grupu la wateja: "Poleni sana. Wife aligusa waya akidek sakafu. Tunarekebisha." Nilisoma hayo nikiwa nimepiga magoti mbele ya kabati, bisibisi mkononi. Watu wakajaza vicheko. Mpaka leo mama mboga ananiuliza, "Mama, siku hizi unadek mbali na waya?" Iliniuma sana. Sijawahi kumdharau mtu namna hii, na huyu tunalala kitanda kimoja.

Sasa kuna kliniki ya akina mama huko Ziwani imesikia sifa zake. Majibu ya maabara yao yanapitia mtandao, kwa hivyo wanataka ruta mbili kama zetu. Daktari amesema Jumamosi atachomoa waya wa ya kwanza mbele ya wote, aone kama mtandao utabaki. Nikamwambia mume wangu, "Twende, nipange mimi, na uniite fundi mbele yao." Akacheka.

"Utaniaibisha! We kaa stoo yao, kwenye mitambo. Daktari akichomoa hii, unachomeka ile ingine chap chap. Nani atajua?"

"Na siku ambayo mimi siko stoo?"

Akanitazama bila hata kupepesa macho. "Hiyo tutaombea."

Nikikataa, atatafuta mtu mwingine wa kukaa stoo, na siku ruta itakapoungua kweli kuna mama mjamzito atakayesubiri majibu yasiyokuja. Nikiipanga vizuri kimyakimya, atasifiwa tena na kesho ataidanganya kliniki nyingine. Nikimwambia daktari ukweli, nitakuwa nimemvua nguo baba wa watoto wangu mbele za watu.

Asubuhi ya leo amenitumia picha ya hiyo stoo. Chini yake ameandika: "Beba mop. Mtu akikuuliza, sema unadek."

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini: niingie stoo na mop, au nipite mlango wa mbele na vifaa vyangu?